Mlango wa Kurudi Barazani

Kila mwaka, Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima, tunasikia katika Misa habari za Susana, mke wa Yoakimu wa Babiloni. Wazee wawili, ambao walikuwa pia waamuzi wa watu, walimtamani. Alipowakataa walimsingizia, wakasema walimkuta bustanini na kijana. Watu wakawasadiki, kwa kuwa walikuwa wazee na waamuzi. Basi Susana akahukumiwa kufa.

Wasomaji wengi wanakumbuka hekima ya kijana Danieli: jinsi alivyowatenga wale wazee na kumwuliza kila mmoja jina la mti aliowaona chini yake. Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mwingine, na uwongo wao ukafunuliwa. Lakini leo tuangalie jambo lingine, yaani saa ile Danieli aliposema. Hakusema kabla ya hukumu. Alisema baada yake. Shauri lilikuwa limekwisha, watu wote walikuwa wamekubali, na mwanamke alikuwa njiani akipelekwa kuuawa. Danieli akawarudisha wote barazani.

Sasa tujiulize: kama Babiloni ingalikuwa na sheria ya kukataza shauri lililokwisha lisifunguliwe tena, Susana angalipona namna gani? Swali hili si la zamani tu. Mwaka 1996 nchi kubwa ya Marekani ilitunga sheria ya kuubana mlango huo wa kurudi barazani. Ni vizuri tujue ilivyotokea, kwa sababu walioitunga hawakuwa watu wabaya, na sababu zao zilikuwa na machozi ndani yake.

MANENO MAWILI YA KILATINI

Tangu zamani Waingereza wana desturi inayoitwa kwa Kilatini habeas corpus. Maana yake ni kwamba mwamuzi anamwandikia mkuu wa gereza: Mlete hapa mtu yule unayemshika, yeye mwenyewe kwa mwili wake, utuambie kwa sababu gani unamshika. Mwaka 1679 bunge la Uingereza liliitia nguvu desturi hiyo kwa sheria. Wamarekani walipojitenga na Uingereza waliichukua, wakaitia katika Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787: haki hiyo haiwezi kusimamishwa, isipokuwa wakati wa maasi au wa kuvamiwa na adui.

Lakini Marekani ni nchi ya majimbo mengi, na kila jimbo lina mahakama zake. Mwanzoni waamuzi wa serikali kuu hawakuwa na uwezo mkubwa juu ya wafungwa wa majimbo. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, na utumwa ukafutwa. Mwaka 1867 Bunge likatoa sheria mpya: mtu yeyote aliyefungwa kinyume cha Katiba, hata kama amefungwa na jimbo, anaweza kumwendea mwamuzi wa serikali kuu na kuomba asikilizwe.

WAKULIMA WA PAMBA WA ARKANSAS

Ilipita zaidi ya miaka 50 kabla ya kuonekana wazi faida ya sheria hiyo. Katika jimbo la Arkansas, karibu na mji mdogo wa Elaine, wakulima weusi walilima pamba katika mashamba ya wazungu, wakapunjwa katika bei. Wakaanzisha chama. Usiku wa tarehe 30 Septemba 1919 walikutana katika kanisa dogo mahali panapoitwa Hoop Spur. Risasi zikapigwa, mzungu mmoja akafa. Siku zilizofuata makundi ya wazungu wenye bunduki, pamoja na askari, waliwawinda watu weusi mashambani. Wazungu 5 walikufa. Weusi waliouawa walikuwa wengi sana, wala hesabu yao haijajulikana sawasawa mpaka leo.

Walioshtakiwa ni nani? Weusi tu. Watu 12 walihukumiwa kufa. Katika moja ya mashauri hayo kesi yote ilichukua kama robo tatu ya saa. Watu wa baraza, wote wazungu, walikubaliana juu ya hatia kwa muda usiofika dakika 5. Nje ya mahakama kulikuwa na umati wenye hasira. Mashahidi walikuwa wamepigwa mijeledi ili waseme walivyotakiwa. Mawakili, au avoka kama tunavyosema sisi, hawakumwita shahidi hata mmoja wa kuwatetea.

Kwa watu 6 kati yao, mahakama za Arkansas zilisema hukumu ni sawa. Lakini avoka mmoja mweusi, Scipio Africanus Jones, aliyezaliwa na mama mtumwa, hakukubali. Yeye na wenzake wakapeleka habari za watu 6 kati ya wale 12 kwa njia ya habeas corpus mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwezi wa Februari 1923 Mahakama hiyo ilisema kwamba shauri linaloendeshwa kwa kuogopa umati si shauri, bali ni sura ya shauri tu, na kwamba mwamuzi wa serikali kuu anapaswa kuangalia mwenyewe yaliyotendeka. Ilipofika Januari 1925, wote 12 walikuwa wametoka gerezani. Mlango wa kurudi barazani ulisaidia kuwaokoa watu na kifo.

MSIBA WA OKLAHOMA

Sasa tuje karibu na siku zetu. Tarehe 19 Aprili 1995, saa tatu asubuhi, lori lililojaa baruti lililipuka mbele ya jengo la serikali katika mji wa Oklahoma City. Watu 168 walikufa. Kati yao 19 walikuwa watoto, kwa kuwa ndani ya jengo kulikuwa na chumba cha kulelea watoto wadogo wa wafanyakazi. Mkosaji alikuwa Mmarekani mwenyewe, Timothy McVeigh, aliyewahi kuwa askari.

Nchi nzima ililia. Wazazi waliofiwa waliuliza: Mtu huyu akihukumiwa, tutangoja miaka mingapi mpaka mwisho wa shauri? Swali lao lilikuwa la haki. Siku hizo wengine waliohukumiwa kufa walikaa gerezani miaka 10 au 15, wakipeleka ombi moja baada ya jingine, na baadhi ya maombi hayo hayakuwa na lengo ila kuchelewesha. Kila ombi liliwarudisha ndugu wa marehemu kwenye siku ya msiba. Tusiwadharau watu hao. Anayelia kaburini naye anastahili kusikilizwa.

Basi wanasiasa, ambao kwa miaka mingi walitaka kupunguza maombi ya wafungwa, wakaona saa yao imefika. Sheria ya kupinga ugaidi ikatungwa, na ndani yake wakatia mambo ya habeas corpus. Seneti iliikubali kwa kura 91 dhidi ya 8, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 293 dhidi ya 133. Rais Bill Clinton aliitia sahihi tarehe 24 Aprili 1996, siku 5 baada ya ukumbusho wa mwaka mmoja wa msiba ule.

KUFULI TATU

Sheria hiyo haikuufunga mlango kabisa. Iliutia kufuli tatu.

Kufuli ya kwanza ni saa. Zamani sheria haikuweka siku ya mwisho ya kuomba. Tangu 1996 mfungwa wa jimbo ana mwaka mmoja tu, ukihesabiwa kwa kawaida tangu hukumu yake kuwa ya mwisho. Saa inasimama wakati shauri lake likiangaliwa tena na mahakama za jimbo, kisha inaendelea.

Kufuli ya pili ni hesabu. Mfungwa anaomba mara moja. Akitaka kuomba mara ya pili, hata akiwa na ushahidi mpya, lazima kwanza apate ruhusa ya waamuzi watatu wa mahakama ya rufani. Wanaipima habari yake kwa masharti makali sana. Wakikataa ruhusa, hana rufani juu ya kukataa kwao.

Kufuli ya tatu ni kipimo. Haitoshi kuonyesha kwamba mahakama ya jimbo imekosea. Lazima aonyeshe kwamba imekosea kupita akili, hata hakuna mwamuzi mwenye busara ambaye angeweza kuamua vile.

Na nani anapaswa kufungua kufuli hizi? Mara nyingi ni mfungwa peke yake. Mahakama za Marekani zimesema kwamba katika hatua hii Katiba hailazimishi serikali kumpa mfungwa avoka. Mtu aliyeacha shule mapema anakaa chumbani mwake na karatasi za sheria, na saa inatembea.

Tuone tena jambo moja. Bomu la Oklahoma lilitegwa na watu wachache. Kufuli zilifungwa juu ya wafungwa wote wa majimbo yote: mwizi na mwuaji, mwenye hatia na asiye na hatia. Wahenga walisema hasira hasara.

SIKU MBILI ZA OHIO

Ili tuelewe jinsi mlango wa namna hiyo unavyofanya kazi, tuchukue habari ya mfungwa mmoja wa jimbo la Ohio. Ombi lake la habeas corpus lilikataliwa, naye akataka kukata rufani. Mwamuzi alimpa muda, akamwandikia tarehe ya mwisho: 27 Februari 2004. Avoka wake akapeleka karatasi tarehe 26 Februari, siku moja kabla ya mwisho.

Kumbe mwamuzi alikuwa amehesabu vibaya. Sheria iliruhusu siku 14 tu, naye alikuwa ametoa 17. Kwa sheria, muda ulikwisha tarehe 24. Mwaka 2007 Mahakama Kuu, waamuzi 5 dhidi ya 4, ilisema: rufani imechelewa, haiwezi kusikilizwa. Mfungwa alimtii mwamuzi, na kwa kumtii akashindwa. Sheria hii ya siku 14 si ile ya 1996, ni nyingine iliyoitangulia. Lakini roho yake ni ileile: siku imepewa uzito kuliko mtu.

TROY DAVIS NA BABA MTAKATIFU

Habari ya pili inalihusu Kanisa. Mwaka 1989, mjini Savannah katika jimbo la Georgia, askari polisi Mark MacPhail alipigwa risasi akafa alipokimbia kumsaidia mtu aliyekuwa akipigwa. Mwaka 1991 kijana mweusi, Troy Davis, alihukumiwa kufa kwa kosa hilo. Bunduki haikupatikana. Hukumu ilisimama hasa juu ya maneno ya mashahidi.

Miaka ilipita, na wengi wa mashahidi wale wakageuza maneno yao. Wengine walisema polisi waliwasukuma. Lakini Davis alikuwa amekwisha kutumia ombi lake la kwanza. Alipotaka kuyaleta maneno hayo mapya alikutana na kufuli ya pili. Mwaka 2009 waamuzi watatu walikataa kumpa ruhusa, wawili dhidi ya mmoja.

Mwaka 2007 Baba Mtakatifu Benedikto XVI alikuwa ameomba, kwa njia ya mjumbe wake, Davis asiuawe. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilitumia njia ya zamani, isiyotumika karibu miaka 50, ikaamuru mwamuzi wa Savannah amsikilize. Mwamuzi alisikiliza mwezi wa Juni 2010. Lakini kipimo kilikuwa kimegeuka. Davis hakutakiwa kuonyesha mashaka tu. Alitakiwa kuthibitisha wazi kwamba hana hatia. Mwamuzi akasema hakuthibitisha. Usiku wa tarehe 21 Septemba 2011 akauawa.

Mimi sisemi kwamba Troy Davis hakuwa na hatia. Ndugu za marehemu MacPhail waliamini kwamba ndiye. Nasema hivi tu: mashahidi walipogeuza maneno ilipita miaka mingi kabla hawajasikilizwa mahakamani, na waliposikilizwa mzigo wa kuthibitisha ulikuwa umehamia mabegani mwa mfungwa. Mashaka yakazikwa pamoja naye. Maji yakimwagika hayazoleki.

MLANGO WAFUNGULIWA KIDOGO, WABANWA TENA

Si haki kusema kwamba waamuzi wote walifurahia kufuli hizi. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ilisema ule mwaka mmoja unaweza kuongezwa kwa shida kubwa. Ilikuwa habari ya mfungwa wa Florida aliyemwandikia avoka wake barua nyingi akimkumbusha siku ya mwisho, naye avoka akaiacha ipite. Mwaka 2013 ikasema kwamba mwenye ushahidi wa nguvu kwamba hana hatia asizuiwe na saa peke yake.

Lakini mwaka 2022 mlango ulibanwa tena. Barry Jones, wa jimbo la Arizona, alihukumiwa kufa mwaka 1995 kwa kifo cha mtoto wa miaka 4. Avoka wake wa kwanza hakuchunguza vizuri maneno ya waganga juu ya wakati mtoto alipoumizwa. Avoka wa pili, aliyepaswa kufunua uvivu wa yule wa kwanza, naye hakuufunua. Mwaka 2018 mwamuzi wa serikali kuu aliusikiliza ushahidi huo, akaamuru shauri lianze upya au mtu aachiliwe. Mahakama Kuu, waamuzi 6 dhidi ya 3, ikaivunja amri hiyo. Ilisema sheria ya 1996 inakataza mwamuzi wa serikali kuu kutumia ushahidi mpya usioletwa kwanza mbele ya mahakama za jimbo, hata kama kosa la kutouleta ni la avoka. Yaani ushahidi upo, mwamuzi ameuona, lakini hana ruhusa ya kuutumia.

Jones alitoka gerezani mwezi wa Juni 2023, baada ya zaidi ya miaka 28. Hakutoka kwa mlango wa habeas corpus. Alitoka kwa mapatano na mshtaki wa serikali: hukumu ya zamani ilifutwa, naye akakubali kosa dogo zaidi, la kutompeleka mtoto hospitalini. Je, kama mshtaki angalikuwa na moyo mgumu?

NA SISI KONGO?

Msomaji atasema: hayo ni mambo ya ng'ambo. Lakini sisi wenyewe tuliwahi kuona mlango uliofungwa kabisa. Tarehe 23 Agosti 1997 serikali ya Rais Laurent-Désiré Kabila iliunda mahakama ya kijeshi iliyoitwa Cour d'ordre militaire. Hukumu zake hazikuwa na rufani. Raia wasio askari nao walipelekwa mbele yake, na wengine waliuawa kwa hukumu zake. Rais mwenyewe alipouawa mwezi wa Januari 2001, washtakiwa walipelekwa palepale. Mwezi wa Januari 2003 watu 30 walihukumiwa kufa, bila rufani.

Baadaye mwaka huohuo mahakama hiyo ilitoweka. Hukumu zile 30 hazikutekelezwa, lakini baadhi ya watu wale walikaa gerezani mpaka mwaka 2021, walipotolewa kwa msamaha wa Rais. Ona basi: palipokosekana mlango wa sheria, ulibaki mlango mmoja tu, huruma ya mkubwa. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika sehemu yake ya 21, inampa kila mtu haki ya kukata rufani. Ni neno lililonunuliwa kwa bei kubwa. Nalo lina uzito zaidi tangu Machi 2024, serikali ilipotangaza kwamba hukumu za kifo zitaweza kutekelezwa tena.

MAFUNDISHO TUNAYOPATA

Mwamuzi ni mwanadamu. Anaweza kudanganywa, kuogopa, kuchoka, kuhesabu siku vibaya. Sheria inayosema mwisho wa shauri ni bora kuliko ukweli wake inamdai mwamuzi awe kama Mungu, asiyekosea kamwe. Mama Kanisa hafundishi hivyo. Mwaka 2018 Papa Fransisko aligeuza maneno ya Katekisimu, namba 2267, ili ifundishe kwamba hukumu ya kifo haikubaliki, kwa sababu inagusa heshima ya mtu, ambayo haipotei hata akitenda kosa kubwa.

Na wale waliofiwa? Katika jengo la Oklahoma alikufa binti Mkatoliki wa miaka 23, jina lake Julie. Baba yake, Bud Welch, mwanzoni alitaka mkosaji auawe upesi. Baada ya miezi mingi ya uchungu aliona kwamba kisasi hakitampa amani. Mwaka 1998 alikwenda nyumbani kwa baba yake McVeigh, wazee wawili wakaketi pamoja, kila mmoja na msiba wake. McVeigh aliuawa mwaka 2001, na Welch hakuacha kusema kwamba kifo hicho hakikumponya mtu. Huyu alikuwa na haki ya kudai haraka kuliko mbunge yeyote. Hakuidai.

Ndugu msomaji, wewe na mimi hatutungi sheria. Lakini gereza halipo mbali na parokia zetu. Muda wa rufani hata kwetu ni mfupi, unahesabiwa kwa siku, na maskini wengi wanaupoteza kwa kutojua tu. Ukimtembelea mfungwa usipeleke ugali peke yake. Mwulize: Hukumu yako ilitolewa tarehe ngapi? Karatasi yake iko wapi? Nani anakuandikia? Umsaidie kumpata mtu anayejua sheria kabla siku hazijapita. Danieli hakuwa mwamuzi wala mzee. Alikuwa kijana katikati ya umati, akapaza sauti wakati njia ilikuwa bado haijafika mwisho.

Tuwaombee waamuzi wote hekima, wafungwa matumaini, na waliofiwa faraja ya Mungu.